TV YAKO HAIJAZEEKA, IMEUAWA!

Kijana wa Ngara mjini, Kabanga, Rulenge na Benaco, na wewe wa Biharamulo mjini, Nyakahura, Lusahunga na pale njia panda ya Nyakanazi, leo tuambizane ukweli bila kuzugana. Ile flati iliyokufa sebuleni kwako, ukaambiwa "imekula umri wake", ilikuwa na umri gani? Nani aliupanga? Na ulipokuwa ukihesabu laki nyingine kwenda kununua mpya, nani alikuonyesha hati ya kifo cha ile ya zamani?

Kumezuka wimbo madukani. Eti flati ni mali ya miaka mitatu minne, ikizidi sana mitano, baada ya hapo "badilisha tu kaka, teknolojia inakimbia". Wimbo huo unaimbwa na wauza duka, unaitikiwa na masela vijiweni, na anayelipia ngoma ni wewe mlalahoi. Kuna anayeuza mbuzi. Kuna anayekwenda kwenye kausha damu kukopa laki mbili ili arudishe laki tatu. Kuna aliyeweka rehani kadi ya bodaboda yake, chombo kinachomlisha yeye na mama yake, ili ukutani paonekane pana kitu. Huo ndio ujiko wa mjini!

Nasema ni changa la macho. TV yako haikufa kwa uzee. Iliuawa, wauaji wanajulikana, na gharama za mazishi umebebeshwa wewe.

Naandika kwa hasira kwa sababu niliwahi kuingizwa mjini mimi mwenyewe. Nilinunua flati ya inchi 32, kitu na boksi, katika duka moja ambalo sitalitaja. Fedha yenyewe ilikuwa ya kahawa ya mzee pamoja na vibarua vyangu vya msimu mzima. Mwaka wa tatu, Jumamosi, Simba na Yanga wako uwanjani, kioo kikawa cheusi tii. Sauti ipo, mtangazaji anapasuka koo, picha hakuna. Nikaipakia kwenye bodaboda, nimeikumbatia kama mgonjwa, hadi dukani. Muuzaji hakuigusa hata kwa kidole. Aliitazama kwa mbali akasema: "Hiyo imemaliza maisha yake, kaka. Lete laki mbili na nusu nikupe nyingine, na hiyo niachie."

Na hiyo niachie! Hapo ndipo nilipozinduka. Kama ni maiti, anaitakia nini?

Nikaondoka nayo. Fundi mmoja wa kijiweni, kijana asiye na kibao wala kiyoyozi, aliiwasha ndani ya kibanda chake, akafunga mlango kukawa giza, akamulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu kabisa. Lo! Watu wakaonekana kwa mbali, hafifu, wanatembea kama mizimu. "Kioo kizima," akasema. "Zimekufa taa." Akafungua mgongo mbele ya macho yangu. Nyuma ya kioo cha flati kuna mistari ya taa ndogo ndogo za LED, zimeungwa moja nyuma ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Moja ikikatika, mstari wote unazimika, na TV nyingi zikihisi hivyo huzima taa zote. Zangu zilikuwa zimeungua mbili. Mbili tu! Akabadili mistari yote, akapunguza mwanga, nikamlipa elfu arobaini. Huu ni mwaka wa nne tangu siku hiyo ya "kifo", na jana usiku nimeitazama taarifa ya habari.

Muuzaji yule alijua kwamba kioo ni kizima. Kioo ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika flati. Ningemwachia, angekitia taa akakiuza kwa mwingine, nami ningekuwa nimemlipa laki mbili na nusu kwa kunisaidia kuibiwa.

HESABU NI YA SAA, SI YA MIAKA

Shika kalamu. Watengenezaji wenyewe hawahesabu maisha ya flati kwa miaka, wanahesabu kwa saa za kuwaka. Taa za LED za nyuma ya kioo kwa kawaida hutajwa kuwa na maisha ya kati ya saa 30,000 na 60,000. Na hata hapo haina maana kwamba saa ya 30,001 zinazimika. Maana yake ni kwamba mwanga wake umepungua ukafika nusu ya ule wa siku ya kwanza.

Sasa wewe unawasha TV saa ngapi kwa siku? Asubuhi uko kijiweni au njiani, mchana hupo. Tuseme saa 6 kwa siku, na hapo nimekuonea. Gawa 30,000 kwa 6, unapata siku 5,000, ambazo ni zaidi ya miaka 13. Ukichukua ile hesabu ya juu, 60,000, unapata siku 10,000, zaidi ya miaka 27! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, flati ipo ukutani. Anayeweza kusema flati yake imezeeka kwa miaka sita kasoro ni mwenye kibanda umiza anayeiwasha saa 14 kila siku, ligi ya Uingereza mchana, sinema za kutafsiriwa usiku. Huyo sawa, hesabu yake inakubali. Lakini wewe wa miaka mitatu? Hapana bwana. Kijana wa miaka ishirini akikutwa amelala chini barabarani, hatuulizi uzee, tunauliza nani kampiga.

Mpigaji wa kwanza yuko kiwandani. Katika flati za bei rahisi taa huwekwa chache, kisha zinasukumwa kwa umeme mwingi ili kioo king'ae dukani kikuvute macho. Taa inayosukumwa hivyo inachemka, na joto ndilo adui mkubwa wa LED. Ukifika nyumbani unaiacha vile vile ilivyokuja, mwanga mia kwa mia, chumba chenyewe futi kumi kwa kumi, unaona fahari. Ingia kwenye mipangilio ya picha kwa rimoti, tafuta mwanga wa nyuma, ushushe hadi nusu au chini kidogo. Macho yatazoea kwa siku mbili, na taa zitapumua. Jambo hili ni la bure, na kwa hiyo hakuna muuza duka atakayekuambia.

Na usidhani mchezo huu wameuanza juzi. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani yalikaa Geneva yakaunda umoja wao ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu isizidi saa 1,000, na kampuni ambayo balbu zake ziliishi zaidi ilitozwa faini. Faini kwa kutengeneza kitu imara! Kwa hiyo ukisikia mtu mwenye tai anakuambia vyombo vya siku hizi "ndivyo vilivyo", muulize nani kavifanya hivyo.

MUUAJI WA PILI YUKO JUU YA NGUZO

Huyu ndiye ninayemtafuta hasa, maana huyu tunamlipa kila mwezi kwa LUKU.

Wilaya zetu mbili zimekaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Ngara na Biharamulo tuliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na yale ya mwisho yalikuja kwa msaada wa Uholanzi. Tulizoea kukaa gizani tukingoja lori la mafuta. Leo tumo kwenye gridi, na kwa hilo sitakuwa mnafiki: ni hatua kubwa. Lakini gridi imefika kwetu ikiwa mkia wa waya mrefu unaopita porini na juu ya vilima, na chochote kinachotikisa kichwa, mkia unachapwa. Aprili 1, 2024 gridi nzima ilianguka nchi ikawa giza, na haukuwa mzaha wa siku ile ya wajinga. Mwaka 2023 tulikuwa kwenye mgawo. Umeme unakwenda, unarudi, unakwenda tena kabla hujamaliza kusema afadhali.

Sikiliza vizuri kinachoua. Geuza flati yako usome mgongoni. Nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake umeme mdogo, ule unaofanya balbu iwe kama kaa la sigara, hauiui kirahisi. Kinachoiua ni kishindo cha umeme unaporudi kwa pupa, na kuzidi kinyume cha kipimo. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita, vikopo vidogo vilivyosimama kama askari. Kila kishindo kinavichosha, hadi siku moja vinavimba kichwani na TV inabaki na taa nyekundu tu, inapepesa, haiwaki. Fundi akikufungulia, angalia mwenyewe: kapasita iliyovimba kichwa inaonekana kwa macho, na bei yake haizidi sahani ya chipsi.

Kisha kuna nyutro. Hii kila mtaa unaijua ingawa wengi hawajui jina lake. Kwenye nguzo yako kuna nyaya tatu za njia na waya mmoja wa nyutro. Kati ya njia moja na nyutro ni volti 230, ndizo zinazoingia kwako. Kati ya njia na njia ni volti 400. Nyutro ikikatika au ikilegea kwa sababu hakuna aliyekwenda kukaza, nyumba yako na ya jirani aliye kwenye njia nyingine zinajikuta zimefungwa kamba moja katikati ya hizo 400. Na hapo umeme haugawanyi kwa haki! Mwenye friji, pasi na jiko la umeme anapata kidogo. Mwenye taa mbili na TV anapata kipigo chote. Ndiyo maana mtaa ukiungua, wanaoungua ni makabwela. Sikutia siasa hapo, ndivyo umeme ulivyo. Siasa ni kwa nini nyutro ililegea na hakuna aliyeikaza.

Kijana, fikiri jambo moja. Maporomoko ya Rusumo yako wapi? Yako Ngara! Mto Ruvubu unapokutana na Kagera, hatua chache kutoka mpakani, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mitambo mitatu ya kuzalisha megawati 80, kwa fedha ambazo Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2013, dola milioni 340. Umeme huo unasafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 hadi Nyakanazi, ndani ya Biharamulo, ndipo uingie gridi. Yaani chemchemi iko Ngara, mlango uko Biharamulo! Wilaya mbili tunaotumia TV kwa kuombea Mungu ndio tuliokaa kwenye kisima na kwenye bomba.

Halafu tutazame historia, maana ina kejeli zake. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, Benaco ikawa mji wa mahema usiku mmoja, na dunia nzima ikaiona Ngara kwenye TV. Mwaka huo huo ndipo Tanzania Bara ilipopata kituo chake cha kwanza cha televisheni, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya sabini. Dunia ilituona sisi kwenye TV kabla wengi wetu hatujaiona TV yenyewe. Sasa tumeipata, tunaambiwa ni ya miaka mitatu.

Wakubwa wakija kuzindua nguzo wanakuja na ngoma, kanga na spika. Mwaka wa uchaguzi ndiyo usiseme. Lakini nani amewahi kumsikia mkubwa akizindua nyutro iliyokazwa? Nani amesimama jukwaani akasema, "Ndugu wananchi, mwaka huu umeme wenu umecheza mara chache kuliko mwaka jana, hii hapa hesabu"? Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika, mitambo yote tisa mwaka 2025. Kisingizio cha uhaba wa maji kimekwisha. Machi 2025 Rais Samia mwenyewe alipotetea mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini alieleza kwamba umeme unapotea njiani kwa umbali wa kusafirishwa. Sawa, tumekubali. Kama Kilimanjaro ni mbali, Kabanga ni wapi?

Kuunganishiwa umeme mjini kulirudishwa kuwa Sh 320,960 Januari 2022, baada ya muda mfupi wa ile bei ya 27,000 iliyopigiwa makofi. Umelipa hiyo. Unalipa uniti. Unalipa kodi ya jengo kwenye LUKU hiyo hiyo. Kisha umeme ule ule unaingia ndani unakuunguzia TV, na anayelaumiwa ni TV kwa kuzeeka!

Muuaji wa tatu ni radi, na huyu hatumpeleki kwa diwani. Ukanda wetu huu wa ziwa unapigwa radi kuliko sehemu nyingi za dunia. Januari 2025 wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, pale Bukombe kwa majirani zetu, waliuawa na radi wakiwa shuleni. Wingu likitanda chomoa plagi ukutani, si kuzima kwa rimoti. Na chomoa waya wa dishi! Wengi wanachomoa umeme wanaacha dishi limesimama juu ya bati likikaribisha wageni, king'amuzi na TV vinaungua pamoja, halafu mtu anaapa alikuwa amezima kila kitu.

WENZETU WANA HAKI, SISI TUNA KARATASI

Ulaya, tangu Machi 2021, mtengenezaji wa TV analazimishwa na sheria kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka isiyopungua 7 tangu toleo lile lilipouzwa la mwisho. Kampuni zile zile! Sura ile ile ya TV! Mzungu akiharibikiwa bodi anaagiza bodi. Fundi wa Biharamulo akitaka bodi anampigia mtu Kahama, naye anampigia mtu Mwanza, naye anampigia mtu Kariakoo, na inayokuja imenyofolewa kwenye TV ya marehemu mwingine. Nawavulia kofia mafundi hawa. Wanafanya bila vipuri na bila michoro kazi ambayo kiwandani inafanywa kwa mashine.

Na sisi tuna nini? Tuna risiti iliyoandikwa chini kwa wino hafifu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kijana, maneno hayo hayakuandikwa na Bunge. Ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayosema kitu unachouziwa lazima kifae kwa kazi yake. Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani imewekwa kuisimamia. Lakini umewahi kuiona tume hiyo Rulenge? Tunasikia iko Dar es Salaam inateketeza bidhaa bandia mbele ya kamera, tunaitazama kwenye flati ambayo yenyewe hatujui kama si bandia.

Ndiyo maana nakuambia dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la bidhaa, na dai karatasi ya dhamana iliyogongwa muhuri, na iwashwe mbele yako dukani kwa nusu saa, si dakika mbili. Weka picha nyeupe kioo kizima uangalie madoa. Kama ni mtumba, soma mgongoni kwa makini zaidi: TV iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani peke yake inaweza kuwa imeandikwa volti 100 tu, na ukiichomeka kwenye 230 zetu haitakaa hata ya kuaga.

Kama umeme umekuunguzia, usiondoke na TV peke yako kwa fundi ukinung'unika. Andika saa na tarehe. Pita nyumba za jirani uandike nani kaunguza nini, maana nyutro haiunguzi nyumba moja. Piga picha. Pelekeni barua moja yenye majina yote ofisi ya TANESCO ya wilaya, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Wasipojibu au jibu lao msilipende, EWURA wapo kisheria kupokea malalamiko ya wateja, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na juu ya EWURA kuna Baraza la Ushindani. Ni safari ndefu, sikudanganyi. Ina longolongo zake. Lakini malalamiko ya kijiweni hayana namba ya jalada, na kisicho na namba ya jalada kwa wakubwa hakikutokea.

Hii ya kupangiwa siku ya kufa kwa vyombo vyetu tumeizoea mno. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Februari 2013 ikafuata Mwanza. Chogo zilikuwa nzima! Zilihitaji king'amuzi tu na waya zake. Ni wangapi walielezwa hivyo kwa lugha ya kueleweka? Watu wakaamini chogo imefutwa na Serikali, wakaitoa kwa bei ya kutupa, wakakimbilia flati. Agosti 2018 chaneli za bure zilipoondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa amri ya TCRA, nilimwona kwa macho yangu mzee mmoja ameibeba TV kwenye baiskeli anaipeleka kwa fundi, eti imeacha kushika ITV. Nani alimweleza mzee yule?

LINI BASI UIACHE?

Sikuambii ung'ang'anie mzoga. Zipo siku ambazo kubadili ni akili. Kioo kikipasuka, mtoto karusha rimoti au imeanguka ukutani, achana nayo, maana kioo kipya bei yake inakaribia TV nzima na wakati mwingine inaipita. Ikiwa na mistari ya kusimama inayoongezeka kila wiki, ugonjwa mara nyingi uko kwenye maungio ya kioo chenyewe, na kijiweni huo hauponi. Wapo watakaoibonyeza ikakaa sawa siku tatu wakachukua fedha yako. Bodi kubwa ikifa na haipatikani kwa mafundi wawili tofauti, hapo napo umefika. Kwa mengine yote mimi natumia kipimo kimoja: fundi akitaja bei inayozidi nusu ya bei ya TV mpya ya aina hiyo, nasimama nafikiri. Chini ya nusu, natengeneza bila kuuliza mtu.

Sauti ipo picha hakuna? Tochi kwanza, kama alivyofanya yule fundi wangu. Ukiona mizimu, ni taa, si kifo. Taa nyekundu inapepesa? Uliza kapasita. Haishiki chaneli? Pengine ni king'amuzi, dishi au kifurushi kimekwisha, usicheke, imewatokea wengi. "Smati" imegoma kufungua programu zake? Hiyo ni kampuni imeacha kuihudumia, kama Netflix ilivyoziacha baadhi ya TV za zamani za Samsung Desemba 2019. Kioo hakina kosa. Nunua kisanduku kidogo uchomeke nyuma, maisha yaendelee.

Na kabla ya TV nyingine yoyote, nunua gadi. Ile inayokata umeme ukizidi na kusubiri dakika kadhaa ukirudi kabla ya kuachia. Bei yake ni ndogo kuliko vocha na soda zako za mwezi. Najua inauma kununua kwa fedha yako kinga dhidi ya umeme unaoulipia kwa fedha yako. Nunua hivyo hivyo, na risiti yake iambatanishe kwenye ile barua.

Ukiwa umekwisha izika kweli, usiichome jalalani. Flati za mwanzo mwanzo, zile nene kidogo, zina mirija ya taa yenye zebaki ndani, na chogo kioo chake kina risasi. Watoto wanavunja hivyo vitu kutafuta shaba. Kanuni za taka za umeme na elektroniki nchi hii inazo tangu 2021, zimeandikwa vizuri sana. Hapa kwetu anayezitekeleza bila kujua ni yule fundi wa kijiweni, kwani kwake hakitupwi kitu: bodi ya marehemu inafufua mgonjwa, spika inakwenda kwenye redio, skrubu zinaingia koponi. Mpelekee mzoga huo, na mkatane bei, usimpe bure wala usimwachie muuza duka.

Baraza la madiwani likikaa halmashauri, vikao ni vya wazi, unaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Mtume diwani wako akaulize mawili tu. Nyutro za mtaa wenu zilikaguliwa lini, na kituo cha kukusanya taka za elektroniki cha wilaya kiko wapi. Nenda mwenyewe ukakae nyuma na daftari lako, uandike jibu, saa na tarehe.